Yaya Ajibu Kwanza

Katika familia yetu watu kumi na saba wana simu za kioo, na sijaona hata mmoja anayejua kufumbua fumbo. Nasema hivyo bila chuki. Au tuseme kwa chuki ndogo, ya kutosha mtu mmoja. Mafumbo hayo nayachora mimi, na mtu aliyesonga bugali akaona wageni wanautia mfukoni badala ya mdomoni ana haki ya kununa.

Nakaa Butembo, mji wa Kivu, katika nyumba aliyotuachia baba. Kazi yangu ni kuandika vibao: vya vinyozi, vya famasi, vya makanisa mapya yanayobadili jina kabla rangi haijakauka. Wateja wanaleta mabati yao hapa kwenye barza ya mbele, wanarudi kuyachukua, na mimi siinuki. Sekondari nilimaliza. Diploma iko chini ya godoro isije ikakunjika, na katika nyumba hii ndiyo inayolala vizuri kuliko wote, maana wote ni mimi. Mke sina. Shangazi yangu wa Kalunguta, anayelima maharagi na kulima pia maisha ya watu, anasema si kwamba wanawake walinikataa, ni kwamba hawajawahi kupita mbele ya mlango wangu. "Weye unangojea bibi akuje kuandikisha kibao," ananiambia.

Mafumbo yalianza kwa sababu ya uvivu huo huo. Nachukua methali, au habari ya Biblia, navunja maneno yake yawe picha tatu, nazichora moja chini ya nyingine kwenye ukurasa wa daftari, kutoka juu mpaka chini. Napiga picha, natuma kwenye grupu ya familia Jumapili baada ya ibada. Wenye kufumbua wafumbue, wengine wabishane. Bila kutoka barzani nilikuwa nimetembelea ukoo mzima, Butembo, Beni mpaka ziwani, na sikulipa hata chai.

Kilichoharibu yote ni desturi. Kwetu mukubwa ndiye anayeanza. Anaanza kula, anaanza kusema, hata kwenye kilio anaanza kulia na wengine wanashika sauti yake. Mukubwa wetu ni yaya, ndugu yangu wa kwanza, mimi ni wa mwisho. Anakaa Beni, ananunua kakao, ni mzee wa kanisa, na ana sauti ambayo hata ikikuuliza saa ngapi unatafuta kwanza dhambi uliyofanya. Basi kwenye grupu hakuna aliyejibu fumbo kabla ya yaya. Na yaya akishajibu, hakuna aliyekuwa na jibu lingine.

Fumbo la kwanza lililonitia uchungu lilikuwa la Yona. Juu nilichora mashua katika mawimbi na mtu anatupwa majini. Katikati samaki mkubwa. Chini mtu yule yule ametapikwa mchangani, ameelekea mji. Mtoto wa shule ya Jumapili angejibu akiwa amesinzia.

Yaya aliandika: "Kyavinyonge." Kisha akaongeza: "Samaki yetu ya ziwa. Fumbo muzuri, mudogo wangu."

Nilisoma mara mbili. Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kule ziwani. Mashua imeenda wapi? Na yule mtu aliyetapikwa mchangani ni mvuvi wa namna gani? Lakini tayari majibu yalikuwa yanashuka kama mvua kwenye bati. "Kweli yaya." "Kyavinyonge, hakuna ingine." Shangazi wa Kalunguta alituma sauti ya kushukuru kwa kilugha, kuku wakilia nyuma yake: "Wasingya, wasingya. Nimesikia hamu ya samaki." Aliyeniumiza zaidi ni binamu yetu wa Beni, mwenye lisanse ya chuo kikuu, ambaye tangu aipate hawezi kuomba chumvi bila kuweka utangulizi. Aliniandikia pembeni, nje ya grupu:

"Ni Yona, si vile?"

"Ni Yona. Andika kwenye grupu."

"Ah. Yaya ameisha kujibu."

Na dakika mbili baadaye nikaona kwenye grupu, kwa mkono wake mwenyewe: "Analyse ya yaya iko ya ndani sana."

Miaka mitano ya chuo kikuu kwa ajili ya sentensi hiyo.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Nilichora methali ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu zinazoeleweka: mtembezi hula miguu yake. Juu mtu na mzigo kichwani. Katikati ndege ya angani. Chini sahani yenye nyayo mbili. Yaya akaandika: "Mavivi." Ni kweli ndege zinatua Mavivi, kwenye uwanja wa Beni. Zinapita pia juu ya paa langu, na sijawahi kuliita paa langu Mavivi. Lakini wote walikubali. Mwenye lisanse alieleza kwamba nyayo zilizo kwenye sahani ni za abiria wanaokosa pikipiki ya kuwaleta mjini. Niliweka simu chini nikaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Mtaniuliza: na weye, mwenye akili, ulisema nini? Niliandika "Aksanti yaya" kila Jumapili, na hapa ndipo lazima niwaambie habari ya nyumba.

Nyumba ya baba haina jina langu popote. Ni ya familia, na neno la familia ni neno la yaya. Siku moja, kati ya fumbo na fumbo, yaya aliandika kwamba kuna mtu wa Kyavinyonge, mfanyabiashara wa samaki, shemeji wa shemeji yetu, anatafuta mahali Butembo pa kuweka samaki wake wa chumvi. Kwamba nyumba ya marehemu baba ni kubwa kwa mutu mumoja na sufuria yake moja. Kwamba mimi nitashuka Beni, kuna chumba nyuma ya kwake, nitakula pamoja na watu, pengine nitapata hata mke. Mwenye samaki ataingia mwisho wa mwezi wa nane. "Munasemaje?"

"Nakubaliana na yaya." "Nakubaliana." "Mawazo ya mukubwa." Shangazi alituma sauti ya kushukuru Mungu kwamba hatimaye nitaonekana na watu. Mimi nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Niliangalia barza, ndoano ya baba ya kutundika kofia, ukuta ambapo najaribia rangi zangu. Kisha nikaandika: "Ndiyo yaya." Na nikaweka kile kidole gumba cha njano, kilichosimama, chenye furaha.

Basi msinione nawacheka wengine mkafikiri nimesimama mahali pa juu. Mimi niko katika shimo lile lile, ila nimeleta kiti.

Baada ya hapo nilikuwa mwema kwenye grupu kuliko wote. Kila jibu la yaya nililisifu. Nilikuwa na tumaini la kipumbavu kwamba mtu anayesifiwa vizuri husahau samaki. Mwezi wa sita ukaisha hivyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba nikachora kidole kimoja hakivunji chawa.

Nakubali kwamba chawa sikumchora vizuri. Mkono wangu ni wa herufi, wanyama wananishinda. Lakini juu kulikuwa na mkono wenye kidole kimoja, mkubwa, umeanzia kwenye kiwiko. Katikati chawa. Chini chawa yule yule anatembea zake, na kidole kimelala chali kimechoka. Nani katika Kivu yote hajui methali hiyo? Inasemwa kwenye kila mkutano, hasa na watu wanaotaka wengine watoe kidole.

Yaya aliandika: "Maharagi ya Kalunguta."

Shangazi akashukuru kwa niaba ya Kalunguta nzima. Mwingine akasema ameona hata rangi ya maharagi, na mimi nilitumia kalamu nyeusi tu. Kisha mwenye lisanse: "Ile miguu ni mizizi. Maharagi imeanza kuota. Donc, basi, yaya anatufundisha kuheshimu musimu."

Sijui kilichonipata. Nilivumilia Yona, nilivumilia ndege, nilivumilia kufukuzwa ndani ya nyumba ya baba yangu. Mizizi ilinishinda. Nikaandika:

"Hapana yaya. Ni chawa."

Halafu, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaanza: "Ni kidole na chawa. Kila mutu anaona kidole. Ju ya nini munajifanya hamuoni kidole?"

Grupu ikanyamaza. Watu kumi na saba, na hakuna aliyekohoa. Mwenye lisanse ndiye pekee aliyeniandikia, pembeni, mahali pake pa kawaida.

"Umefanya nini?"

"Nimesema kweli."

"Kweli iko muzuri. Na nyumba?"

Jumatatu yaya alipiga simu. Hakusalimu. "Nakuja siku ya posho," akasema, yaani Jumamosi, na akakata.

Juma lile niliishi kama mtu ambaye ameshahamishwa. Nilifungua kamba ya nguo. Nilitoa diploma chini ya godoro nikaiweka kwenye bahasha. Nilijiambia kwamba hatangoja mwezi wa nane, kwamba anakuja kunitoa mwenyewe, na kila jioni nilitunga hotuba ya kujitetea ambayo asubuhi ilikuwa imebaki "Ndiyo yaya".

Jumamosi alifika mchana na taksi ya Beni, vumbi mpaka kwenye kope, na mkungu wa ndizi begani ambao hakukubali nimpokee. Alikaa kwenye kiti cha baba. Nilimpa maji, akanywa yote. Nikamuuliza barabara, akasema barabara iko. Nikamuuliza watoto, akasema wako. Kisha akanyoosha mkono.

"Nionyeshe ile chawa."

Nikafungua grupu kwenye simu yangu, nikabonyeza picha, ikajaza kioo, nikampa. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena.

"Hii kidole ilitoka wapi?"

"Iko pale tangu Jumapili, yaya."

"Kwangu hapana kuwa."

Nilidhani ananipima. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua Biblia, akatafuta grupu, akanigeuzia. Na kweli, kidole hakikuwepo. Picha ilikuwa pale jinsi inavyofika kwa kila mtu, imekatwa juu na chini, ikionyesha katikati tu, kwa sababu picha ndefu ndivyo inavyokaa kwenye grupu mpaka uiguse. Katikati alikuwapo chawa wangu peke yake, bila kichwa cha habari wala mwisho. Na nasema mbele ya Mungu, alikuwa haragi.

"Bonyeza juu yake," nikamwambia.

"Ju ya nini nibonyeze? Ikiharibika?"

Nikabonyeza mimi. Picha ikafunguka, kidole juu, kidole chini. Yaya alipitisha ukucha taratibu kutoka kidole cha juu mpaka cha chini. Kule barabarani mtu alikuwa anapita akiuza mandazi, akapita mpaka sauti ikaisha.

"Kila mara iko vile? Kuna juu na kuna chini?"

"Kila mara."

"Mie nilifikiri munakata kichwa na miguu kusudi. Niliona njo fumbo yenyewe. Mukionyesha yote, kunabakia kufumbua nini?"

Nilicheka. Ni kosa, lakini nilicheka, mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alitaka tuanze tangu mwanzo, fumbo kwa fumbo, na kwa kila moja alifunika juu na chini ya kioo kwa viganja vyake, akanionyesha alichokuwa anaona.

"Haya. Uko na samaki, samaki peke yake. Utasema nini?"

"Yona."

"Muongo. Mutu gani anaona samaki anasema Yona? Ukienda sokoni ukaona samaki, unasema, mama, hii Yona ni ngapi?"

Ilinibidi nikubali. Kwa samaki peke yake Kyavinyonge ni jibu la mtu mwenye akili. Tulibishana juu ya ndege karibu saa nzima. Nilijaribu kusema kwamba ndege peke yake inaweza kuwa safari, akasema safari ya wapi, kama si kupitia Mavivi. Nilikuwa nimemdharau mwaka mzima, na yeye mwaka mzima alikuwa anafumbua mafumbo magumu kuliko yangu, ya picha moja isiyo na mwanzo wala mwisho, tena kwa ujasiri. Mimi nilichora yenye mwanzo na mwisho, na bado nilikuwa najiona fundi.

Kisha akaweka simu magotini.

"Na bale bengine, simu zao zinabonyeza?"

"Zinabonyeza, yaya."

"Baliona Yona?"

"Bote. Mwenye lisanse aliniandikia siku ile ile."

"Na alisema analyse yangu iko ya ndani."

Aliangalia mkungu wake wa ndizi ulioegemezwa kwenye nguzo kana kwamba nao ungesema ndiyo.

"Mwaka muzima," akasema. "Banaona, banasema njo, ndiyo vile. Nikisema haragi, haragi. Ningesema ni mama yao, wangesema ni mama." Halafu sauti ikashuka. "Na ile ya nyumba? Nayo balisema njo."

"Balisema."

"Weye pia. Nilisoma. Ukaweka na kidole."

"Niliweka."

"Unataka kutoka humu?"

Hotuba zangu zote za juma zima zilikimbia, kila moja na mlango wake.

"Hapana," nikasema.

Yaya aliniangalia jinsi anavyoangalia gunia la kakao yenye maji. "Donc chawa unaipigania. Nyumba unaiachilia."

Nilienda kuwasha jiko.

Kesho yake baada ya ibada tulikaa tena barzani, na yaya akaandika kwenye grupu, kidole kimoja, herufi moja moja, bila kunipa simu nimsaidie: "Neno ya nyumba tunaianza upya. Leo mudogo wa mwisho anajibu kwanza. Mie nitajibu nyuma ya bote."

Kisha akakunja mikono na kuningoja. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, ningeweza kumwambia kwa mdomo, lakini alitaka iandikwe. Niliandika, nikafuta. Niliandika kwamba kwa heshima yote, nikafuta heshima. Mwishowe nikatuma: "Sitaki kuhama. Nataka kubakia katika nyumba ya baba."

Hatukungoja hata chai ichemke.

"Nakubaliana na mudogo." "Mudogo amesema kweli." "Nyumba ya baba ni nyumba ya baba." Shangazi wa Kalunguta, na kuku wake: "Hata mie, tangu zamani nilikuwa naona vile. Mutoto akae pale, hana shida na mutu." Na mwenye lisanse, nawaapia: "Analyse ya mudogo iko ya ndani sana."

Yaya alisoma yote. Kila ujumbe aliubonyeza kwa nguvu, labda kuna juu na chini yake. Hakukuwa na kitu. Majibu yalikuwa mafupi vile vile.

"Njo batu yetu hii?"

"Njo hao, yaya."

Nilitaka kufurahi na nikashindwa kidogo. Nyumba ilibaki kwangu kwa nguvu ile ile iliyokuwa imeninyang'anya, na kama ningeandika kwamba tuigeuze kuwa zizi la mbuzi, wangeleta kamba. Lakini sikukataa. Mtu anayezama haulizi kamba ilisukwa na nani.

"Bon," yaya akasema. "Baki. Nitaandika kwamba nimekubali." Akaandika, na hapo hakuna aliyeongeza neno. Kisha akasimama, akafuta vumbi kwenye suruali. "Lakini mwenye samaki nilimupa neno uso kwa uso, ndani ya nyumba yake, na nilikula kwake. Neno ya vile hairudishwe na simu."

"Ni kweli, yaya. Utashuka ziwani lini?"

"Mie?" Alishangaa kwa dhati. "Nani anabakia na nyumba?"

Nilimweleza kwamba kuna kibao cha kinyozi kinachongoja rangi ya pili.

"Nywele hazina haraka."

Nilimweleza kwamba njia ya Kyavinyonge siijui.

"Njia inajua Kyavinyonge. Utaenda kesho, utakula kile watakupa, hata kama kiko na miiba, na utasema: yaya yangu alikosea, nami nilinyamaza. Sehemu zote mbili. Usikate moja."

Jumatatu asubuhi mwenye pikipiki alikuwa amesimama njiani, na mimi nilikuwa mlangoni naangalia komeo. Tangu baba afe, mlango ule ulikuwa unafungwa kwa ndani tu, kwa komeo. Kwa nje hakukuwa na njia ya kuufunga, kwa sababu hakukuwa na siku ambayo nilikuwa nje kwa muda wa kuhitaji. Yaya alienda mpaka kwenye duka la kona, akarudi na kufuli na pete mbili za chuma, akazipigilia mwenyewe na jiwe, akifyonya. Akafunga, akavuta mara mbili, akanipa ufunguo, akaenda kutafuta taksi yake ya Beni.

Nilikaa nyuma ya pikipiki, nikauliza kama ziwa ni mbali. Mwenye pikipiki aligeuka, akaniangalia viatu, akaniangalia uso, na kwa upole wa mtu anayesaidia wageni akaniuliza nimefika Butembo tangu lini.